Nondo tatu zimechomoka hewani, hakuna aliyeumia. Fomani anasema yameisha. Nifanye nini?

Riga wa Dodoma

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nahitaji ushauri wa watu waliokaa saiti, na naomba mnivumilie maana nitaeleza kwa urefu.

Mimi ni riga, yaani mfunga mizigo ya kreni, kwenye jengo la ghorofa sita hapa Dodoma. Kazi hii nina mwaka wa nne, na tangu Februari wenzangu wamenichagua niwe mwakilishi wao wa usalama. Jumanne, saa nne kasoro asubuhi, tulikuwa tunapandisha nondo za milimita 16 kwenda slabu ya ghorofa ya nne. Furushi moja tani mbili, yaani nondo kama 105 za mita 12. Tumefunga kwa mikanda miwili ya njano, ile ya tani tatu tatu. Upepo wa Dodoma wa miezi hii mnaujua, unatulia, halafu unakuja mpigo mmoja na vumbi lake. Furushi lilipofika karibu na slabu upepo ukalisukuma, ncha moja ikainama. Nikasikia chuma kinateleza juu ya chuma. Sauti ile naisikia mpaka sasa nikilala.

Zikachomoka tatu. Mbili zilidondoka kwenye rundo la mchanga. Ya tatu ilichomeka ardhini na kusimama wima, ikitetemeka, hatua mbili kutoka kwenye benchi ambapo mama lishe wetu hupanga chupa za chai. Ilikuwa karibu saa ya chai. Yeye alikuwa ameingia stoo kufuata vikombe. Kijana mmoja saidia fundi alikuwa ametoka kwenye benchi lile muda huo huo kwenda kunawa mikono. Nimemuuliza mara tatu kwa nini aliondoka, anasema hajui, alisikia tu mikono ina saruji.

Fomani akasema, "Mshukuruni Mungu, kazi iendelee." Haikupita dakika kumi, nondo zimeokotwa, furushi limefungwa upya na mikanda ile ile. Nilipoushika mkanda mmoja nikaona ukingo wake nyuzi zimekatika, upana wa kidole changu kidogo. Nikakataa kutoa ishara ya kunyanyua. Tukabishana, kazi ikasimama nusu saa, mkanda ukatupwa pipani, ukaletwa mwingine. Jioni opereta wa kreni akaambiwa asije kesho yake, kwamba amezungusha mzigo kwa pupa.

Mimi nilikuwa naongoza mzigo ule kwa redio. Hakuzungusha kwa pupa.

Sasa fomani ananiambia nisiandike chochote, kwa sababu hakuna aliyeumia, na mshauri wa mradi akisikia atasimamisha kreni na vibarua watakosa siku. Niandike au niache? Na huyu opereta namsaidiaje? Ule mkanda nimeuokota kwenye pipa, uko kwenye begi langu.

Fundi Mkuu Mbeya

Mdogo wangu, pole. Nimesimamia saiti miaka mingi na nitakwambia kama ndugu. Hivi vitu vinatokea. Tukiandika kila kinachodondoka hatutamaliza jengo hata moja. Fomani wako naye ana presha ya ratiba, na vibarua 50 au 60 wanategemea siku ile ile kununua unga. Kaa naye pembeni, mwambie mikanda ibadilishwe yote, mama lishe ahame, na mambo yaishe kwa amani. Ukiandika barua utaonekana umemchoma mwenzio, na saiti inayofuata hutaitwa. Sisemi usijali usalama. Nasema kuna njia ya kulimaliza bila makaratasi.

Mzee wa Winchi

Mjukuu wangu wa Dodoma, umefanya jambo moja kubwa kuliko yote: umeuokota ule mkanda. Usimpe mtu yeyote mpaka uwe umepigwa picha mezani, na rula pembeni yake, mbele ya watu wawili.

Fundi Mkuu, kwa heshima yako, mimi nimeendesha winchi miaka 31, kwanza bandarini Tanga, halafu kwenye majengo. Hayo ya kumaliza pembeni niliyafanya. Tulikuwa na kreni ambayo waya wake ulianza kuruka kwenye puli. Ukinyanyua unasikia tak, mzigo unashuka kama kiganja, halafu unashika. Mara ya kwanza tuliogopa. Mara ya pili tukamwambia fomani, akasema ataangalia. Mara ya tano tulikuwa tumeshaipa jina ile sauti, tunaiita "salamu". Wiki ya tatu waya ukatoka kwenye puli, tangi la maji likaanguka, na rafiki yangu niliyekula naye asubuhi ile akapoteza mguu wa kulia. Nilikwenda kumwona hospitali. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Ile salamu mliiandika mahali?" Hatukuiandika popote.

Kwa hiyo nakwambia utaratibu niliokuja kuufuata baadaye, nilipokuwa na sauti kidogo. Nusura ikitokea, yaani ajali iliyokosa kidogo tu kumpata mtu, cha kwanza shusha mzigo pale palipo salama na usimamishe kreni. Cha pili, mtu asiokote kitu. Nondo iliyochomeka ardhini iachwe imesimama vile vile, kwa sababu ndiyo inayoonyesha zingeanguka wapi na nani alikuwa njiani. Pima kwa futi kutoka nondo mpaka benchi, piga picha. Kila aliyeona aandike au asimulie peke yake, siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana. Watu wakishakula pamoja habari inakuwa moja, na inakuwa ile ya mwenye sauti kubwa. Wewe nondo zimeshaokotwa, basi, lakini shimo ardhini lipo. Nenda kesho alfajiri ukalipime kabla halijakanyagwa.

Halafu upepo. Kreni yenu ina kipima upepo, na kinafanya kazi? Nani anakisoma, na aliandika kiasi gani Jumanne saa nne? Upepo si wa kuuchukulia kama bahati mbaya. Septemba 11, 2015 kule Makkah kreni kubwa iliangukia Msikiti Mtakatifu kwenye dhoruba, wakafa watu zaidi ya 100, na uchunguzi ulisema mkono wake uliachwa juu wakati kreni haifanyi kazi, kinyume na maelekezo ya waliotengeneza. Mwaka ule dada yangu alikuwa huko hija. Tulikaa na simu usiku kucha.

Opereta mwendee leo nyumbani kwake. Usingoje karatasi.

Mwana wa Likoni

Shikamoo mzee. Ndugu yangu wa Dodoma, mimi ni afisa usalama kwenye mjengo huku Mombasa, nitaongeza machache.

Hilo la "hakuna aliyeumia" lisikuzuie. Huku kwetu sheria ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali na pia matukio ya hatari, na tukio la hatari halisubiri damu. Huko kwenu mna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wenu wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wanaoisimamia. Kama mwakilishi nenda ofisini kwao uwaulize wakuoneshe vifungu vinavyokuhusu. Na kule kukataa kutoa ishara usidhani ulivunja nidhamu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 167 wa mwaka 1988, ambao ni wa kazi za ujenzi, unasema mfanyakazi akiwa na sababu ya msingi kuona hatari kubwa iliyo mbele yake ana haki ya kujiondoa, na ana wajibu wa kumwambia msimamizi mara moja. Wewe ulifanya yote mawili.

Sasa uandishi wenyewe. Usiandike nani ana kosa. Andika saa, uzito, urefu, rangi ya mikanda, lebo zinasomeka au hazisomeki, mikanda ilifungwa wapi kwenye furushi na ilifungwa vipi. Andika palikuwa na uzio chini ya njia ya mzigo au hapakuwa. Nondo moja ya mita 12 ya milimita 16 ni kilo 19. Ikidondoka kutoka mita 14 inafika chini na mwendo wa karibu kilomita 60 kwa saa. Weka hesabu hiyo kwenye ripoti, kisha weka umbali wa hatua mbili mpaka kwenye benchi la chai. Msomaji hatahitaji kuambiwa zaidi.

Na jiulize swali ambalo fomani hajajiuliza: kwa nini nondo ziliweza kuteleza? Furushi lililobanwa sawasawa hata likiinama halitoi nondo. Mlifunga vipi?

Riga wa Dodoma

Shikamoo mzee, na asante Mwana wa Likoni. Shimo nimelipima leo alfajiri. Kina sentimita 34, na kutoka shimo mpaka mguu wa benchi ni mita 1 na sentimita 70. Kipima upepo kipo juu ya kreni ila betri yake imekufa tangu mwezi wa nne, na hakuna aliyeandika kokote kwamba imekufa.

Opereta nimemwendea. Nilimkuta anamfundisha mwanawe hesabu, akaniuliza kama nimekuja kuchukua kofia ya kazi. Nimemwambia nitaandika nilichokiona. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema yeye aliomba kamba ya kuongozea mzigo tangu wiki iliyopita. Ni kweli, niliisikia kwenye redio, na mimi sikuifuatilia. Hilo nalo nitaliandika.

Kuhusu kufunga: mikanda ilipita chini ya furushi kama bembea, macho yote mawili, yaani vitanzi vya ncha, yakarudi kwenye ndoano. Hatukunyonga, yaani hatukupitisha ncha moja ndani ya jicho la pili ili mkanda ulikaze furushi. Na ilikaa karibu na katikati, mita moja hivi kila upande. Ndivyo tunavyofunga siku zote pale saiti. Mwana wa Likoni umeniuliza swali ambalo limeninyima usingizi, maana nilipokuwa nafundishwa kazi niliambiwa nondo ndefu hunyongwa, tena mkanda unazungushwa mara mbili. Sasa lini tuliacha, sikumbuki.

Dada Mhandisi

Kaka, siku mliyoacha ni siku stoo iliponunua mikanda mifupi. Mikanda yenu ina urefu gani? Nabashiri mita 4.

Chukua karatasi tufanye pamoja. Furushi la mita 12 lishikwe robo kutoka kila ncha, yaani mita 3 kutoka kushoto na mita 3 kutoka kulia. Kati ya mikanda kunabaki mita 6, na ndoano iko juu katikati, kwa hiyo kila mkanda lazima uvuke mita 3 kwenda pembeni kabla hata ya kwenda juu. Furushi la nondo 105 mzingo wake unakaribia sentimita 60. Ukizungusha mara mbili umetumia mita 1 na ushee. Mkanda wa mita 4 unabaki na mita 2.7 hivi. Haufiki. Hata ungelazimisha, haufiki kwenye ndoano.

Vijana wako wakafanya walichoweza: wakasogeza mikanda katikati na kuacha kunyonga, ili ifike. Furushi likawa kama mzani, upepo kidogo tu linaelemea upande mmoja, na hakuna kinachozibana nondo zisiteleze. Zikiteleza, ile migongo ya nondo inausaga mkanda kama msumeno. Tani tatu zilizoandikwa kwenye lebo ni za mkanda mzima unaovuta wima. Hazisemi lolote kuhusu chuma chenye makali kinachopita juu yake.

Sasa weka mkanda wa mita 6. Ukizungusha mara mbili unabaki na mita 4.7. Unafika, na unasimama kwa pembe ya kama digrii 50 kutoka usawa wa furushi. Kila mkanda unabeba tani 1.3. Mkanda wa tani tatu ukinyongwa unahesabiwa asilimia 80, yaani tani 2.4. Umebaki na nafasi nzuri. Lakini angalia pembe: ikilala mpaka digrii 30, kila mkanda unabeba tani mbili kamili, kana kwamba uko peke yake. Watu wengi hudhani mikanda miwili siku zote hugawana nusu kwa nusu. Na mahali mkanda unapogusa nondo weka kipande cha mpira mnene, hata wa tairi la zamani.

Opereta yule hata angekuwa na mikono ya malaika, furushi lile lingetoka. Kamtafute aliyeandika oda ya mikanda, si kwa kumshika shati, ila kwa kumwonyesha hesabu hii.

Riga wa Dodoma

Dada yangu, mita 4 kamili. Nimepima kwa futi mara mbili.

Stookipa amenionyesha daftari la oda bila shida yoyote. Mwezi wa tatu imeandikwa: "Mikanda ya kunyanyulia, tani 3, vipande 4." Urefu haukuandikwa. Muuzaji akaleta ya bei nafuu. Kabla ya hapo tulikuwa na mikanda ya mita 6, ilichakaa ikaondolewa, na huo ndio wakati tulipoanza kufunga bembea. Hakuna aliyeamua. Sisi wenyewe mariga tulikuta mkanda haufiki tukatafuta namna ya kufika, tukafika miezi minne bila kusema neno. Nimekaa na hilo sana.

Fundi Mkuu Mbeya

Nimesoma hesabu ya dada hapo juu mara tatu. Mimi pia nimefungia watu bembea mikanda mifupi, zaidi ya saiti moja. Andika, mdogo wangu. Ila mpe fomani aisome kabla hujaipeleka juu, asikute habari zake kwa mshauri. Hiyo nakushauri kwa moyo mmoja.

Riga wa Dodoma

Ndugu zangu, nimerudi kuwapa mrejesho, wiki ya pili sasa.

Fundi Mkuu, nilifanya ulivyosema. Nilimpa fomani ripoti, kurasa mbili, picha ya mkanda na rula, picha ya shimo, na mchoro wa dada wenye ile mita 2.7. Alisoma amesimama. Alipofika kwenye mchoro akakaa. Hakuniambia asante, na mpaka leo salamu zake ni fupi, lakini alitia sahihi yeye mwenyewe na kuipeleka kwa meneja wa mradi. Mshauri alikuja. Alisimamisha kreni siku moja na nusu, si wiki. Vibarua walihamishiwa kwenye kujenga tofali chini, siku zao wakalipwa. Nilikuwa nimemwomba meneja hilo kabla, maana Fundi Mkuu alisema kweli kuhusu unga.

Mikanda minne ya mita 6 imekuja, na kwenye oda sasa kuna mstari wa urefu. Betri ya kipima upepo imewekwa. Kamba ya kuongozea ipo, mbili. Tumezungushia utepe njia yote ya mzigo na kijana mmoja anasimama pale kreni ikifanya kazi. Kuna daftari la nusura kwenye meza ya stoo, na limeshaandikwa mambo matatu, moja nimeandika mimi juu yangu mwenyewe.

Ambalo halijakaa sawa ni benchi la chai. Mama lishe amehamishiwa nyuma ya stoo, mbali na njia ya mzigo, lakini mauzo yake yamepungua kwa sababu vijana wanaona uvivu kuzunguka. Jana amerudisha benchi karibu na mchanga. Nimelibeba mwenyewe kulirudisha nyuma ya stoo, na leo nimewaomba vijana wote wa zamu yangu tukanywe chai kule. Tumekwenda kumi na wawili. Nitaendelea nao kila siku mpaka wazoee.

Opereta alirudi Jumatatu. Furushi la kwanza lilikuwa la nondo zile zile za milimita 16. Nikanyonga mara mbili, nikaweka vipande vya tairi, nikapima mita 3 kila upande kwa futi, nikatoka kwenye utepe na kumwambia kwenye redio apandishe kiasi cha goti tu. Akapandisha, akasimama. Tukalitazama pamoja, yeye kutoka juu na mimi kutoka chini, mpaka likaacha kucheza. Kisha akauliza, "Riga, limelala sawa?" Nikazunguka upande wa pili kuhakikisha ndipo nikamjibu.